Mbuzi Kwenye Shavu la Mlezi

Kuna nchi moja ambayo sitaitaja jina. Si kwamba naiogopa. Ila ina tabia kwamba ikitajwa huitika kwa kutuma gari, na magari yao mimi siyapendi. Msomaji anayeijua ataijua tu, na asiyeijua ashukuru.

Nchi hiyo ilikuwa na Wizara ya Mambo Yanayoonekana kwa Mbali. Wizara ya mambo yanayoonekana kwa karibu haikuwapo, kwa sababu wakubwa walikwisha kugundua kwamba mambo ya karibu huzaa malalamiko. Shimo la barabarani ukilikaribia ni shimo, na ukiingia ndani yake ni matusi. Lakini ukilitazama kutoka angani halipo, na barabara inaonekana uzi mzuri ulionyooka. Basi serikali ikaingia ubia wa setilaiti na nchi tajiri, ikajenga jengo refu lenye madirisha yasiyofunguka, ikatoa kanuni moja ambayo kila mtumishi aliapishwa nayo: jambo ambalo halijaonekana kutoka juu, halijatokea.

Ndani ya jengo hilo alifanya kazi Yoeli Mlewa, msomaji wa picha. Kazi yake ilikuwa kutazama picha za setilaiti za nyanda kame na kueleza majani yanasema nini. Msicheke. Majani ya nchi kavu husema. Nchi kavu haioti ovyo. Mvua ikiwa nyingi, majani hufunika ardhi yote kama zulia. Ikipungua, zulia linatoboka matundu. Ikipungua zaidi, matundu yanaungana, vichaka vinabaki mistari mistari, mstari wa vichaka na mstari wa udongo mtupu, mgumu kama sahani, mpaka ukitazama kutoka juu unadhani mtu kaanika ngozi ya pundamilia. Mtu asiyejua huona ule udongo mtupu ni hasara. Kumbe ndio unaoikinga mvua kidogo inayonyesha na kuiteremsha kwa vichaka vilivyo chini yake. Ukame ukizidi, mistari hukatika ikawa madoa. Baada ya madoa hakuna tena la kusoma.

Yoeli alizaliwa huko huko kwenye mistari, Bonde la Kisanza, na mbuzi wa marehemu baba yao walikuwa bado huko, wakichungwa na dada yake mkubwa, Damari. Kwa hiyo alipoandika kwamba mistari ya Kisanza imeanza kukatika, aliandika kwa moyo. Taarifa zake zilipokelewa vizuri sana. Mkurugenzi wake, Bi. Perpetua Kasenga, aliziweka chini ya birika la chai ili lisichafue meza.

Siku moja, saa ya chai, Yoeli alikuwa akiitazama Kisanza kwenye kioo cha kompyuta. Mistari ilikuwa imejikunja huku na huku, madoa mawili yamekaa juu, korongo limeshuka katikati. Akamgusa mwenzake begani.

"Hebu ona. Huyu si Mlezi wetu akisikiliza risala ndefu?"

Mlezi Mkuu wa Taifa ndiye aliyekuwa akiitawala nchi hiyo. Picha yake ilikuwa kila ukuta, kila daftari la shule, kila paketi ya sukari. Mahali pekee pasipokuwa na picha yake palikuwa ardhini, na hilo lilikuwa likiwasumbua watu wazima wenye akili zao.

Mwenzake hakucheka. Alikuwa akitazama nyuma ya Yoeli, na nyuma ya Yoeli alisimama Bi. Perpetua na kikombe chake.

"Rudia ulichosema," akasema.

"Nilikuwa natania, Mkurugenzi."

"Sikukuuliza ulikuwa unafanya nini." Akakisogelea kioo mpaka pua yake ikakigusa, kisha akakumbuka kanuni ya wizara akarudi nyuma hatua kadhaa. Akapaliwa na chai. "Mungu wangu. Mpaka kidevu!"

*

Wiki ile ile Waziri wa Mambo Yanayoonekana kwa Mbali aliita waandishi wa habari. Nyuma yake palitundikwa picha ya Kisanza kubwa kama shuka la kitanda, na mpigachapa alikuwa ameombwa kuongeza weusi kidogo kwenye nywele.

"Ndugu wananchi," akaanza Waziri, "nchi nyingine zina milima. Nchi nyingine zina mito. Sisi tuna Pua."

Makofi.

"Ardhi imepiga kura, ndugu zangu! Haikuhongwa. Haikupewa fulana wala kofia. Haikusombwa kwenye malori kuja mkutanoni. Vichaka, kwa hiari yao wenyewe, bila kushawishiwa na mtu, vimekaa kikao, vikamchora Mlezi wetu! Sasa nawauliza wale wanaosema watu wamemchoka: na miti nayo mtasema imelipwa?"

Mwandishi mmoja kijana aliuliza kama ile picha haionyeshi ukame. Alijibiwa kwamba inaonyesha uzalendo, na kwamba kikao kimefungwa.

Baada ya hapo Bonde la Kisanza likatangazwa Eneo Tengefu la Sura. Likagawanywa katika Kitengo cha Paji, Kitengo cha Pua, Kitengo cha Mashavu na Kitengo cha Kidevu, kila kimoja na mkuu wake, na wa Pua akapewa gari kubwa zaidi kwa sababu pua ndiyo iliyo mbele. Njiani pakawekwa mabango: UNAINGIA SHAVUNI. VUA KOFIA. Kikaundwa Kikosi cha Sura, askari wenye kombati za kijani, wakapewa amri moja: mnyama yeyote asile, asikanyage, asijikune kwenye sehemu yoyote ya Mlezi.

Tena haikuishia hapo. Waziri aliona unyusi wa kulia umechongoka zaidi ya wa kushoto, akaagiza ipandwe miche kwenye paji la uso, ule upande uliokuwa udongo mtupu, ili kumzidishia nyusi. Yoeli alimweleza Mkurugenzi kwamba ile sehemu tupu ndiyo inayoteremsha maji kwa vichaka vya chini yake.

"Kwa hiyo unapinga nyusi?" akauliza Bi. Perpetua.

"Sipingi nyusi, bosi. Nasema ukipanda pale juu, hizi za chini zitakufa kiu."

Wakapanda. Ikanyesha mvua ya rasharasha mara moja tu, mashimo ya miche yakaimeza yote, na nyusi za zamani zikakauka zikawa kuni. Picha iliyofuata ilimwonyesha Mlezi mwenye nyusi changa katikati ya paji. Wizara ikatoa taarifa kwamba Mheshimiwa amepandisha nyusi kwa kustaajabia maendeleo.

*

Damari alifika mjini asubuhi, amebeba kibuyu cha maziwa na hasira. Yoeli alikuwa anafunga mkanda wa suruali aende kazini.

"Hodi!"

"Karibu, dada! Karibu ndani. Mbona bila taarifa?"

"Taarifa niitume kwa nani? Kwa setilaiti?" Akaketi kwenye kochi, akamtazama mdogo wake kwa utulivu kuanzia miguuni hadi kichwani. "Yoeli. Eti ni wewe uliyemwona yule mzee kwenye majani yetu?"

"Nilikuwa natania, dada."

"Ulikuwa unatania." Damari akaitikia taratibu kama anayeonja mboga. "Basi utani wako unanizungusha. Kisima cha Mlaga, unajua kiko wapi siku hizi? Kiko kwenye tundu la pua. La kushoto. Nikitaka kunywesha mbuzi napita nje ya sikio, nashuka nyuma ya shingo, natokea kidevuni, nasimama naomba ruhusa ya kuingia puani. Nikipewa, jua limeshachwea na mbuzi wamesahau walichofuata."

Yoeli akataka kucheka, akaona uso wa dada yake, akaacha.

"Na majani je?"

"Majani yapi? Malisho yote ya kiangazi yako shavuni. Huku nje kumebaki mawe. Mwezi uliopita lile beberu la pembe moja lilichoropoka, likala ndevu."

"Ndevu zipi?"

"Za Mlezi wenu, zipi tena! Afande Machite akanikamata. Kosa, kunyoa kiongozi bila idhini. Nikamwambia, Afande, mimi sijamnyoa mtu, mbuzi kala mgunga. Unajua alinijibuje? Eti, mama, huo si mgunga tena, hiyo ni heshima."

"Machite? Yule mtoto wa jirani?"

"Huyo huyo aliyekunywa maziwa ya mbuzi hao hao mpaka akaota meno. Leo akiwaona anapuliza filimbi." Alipoendelea sauti yake ilikuwa chini. "Majike wawili nimeshawazika. Waliobaki wanasimama kwa kusukumwa. Kiangazi hakijafika katikati. Mbuzi wa baba wanakwisha, Yoeli, na wanakwisha wakiwa wanayaona majani kwa macho yao. Ulichokisema kifute."

"Nitakifutaje, dada? Kimeshapewa magari."

"Mimi sijui. Mdomo ulikuwa wako."

Wakaenda wote wawili wizarani. Mapokezini alikuwapo binti mmoja mpole mwenye kucha ndefu, akamsikiliza Damari mpaka mwisho, kisha akauliza:

"Mama, hao mbuzi wanaokufa uliwaona ukiwa wapi?"

"Nilikuwa nimewashika."

"Umewashika." Binti akatikisa kichwa kwa huruma. "Hapo ndipo penye tatizo, mama yangu. Ulikuwa karibu mno. Aliye karibu na shida hawezi kuwa shahidi, ana upendeleo. Rudi nyumbani, usiwe na wasiwasi. Wakifa wengi wa kutosha, sisi wenyewe tutawaona."

Damari akamgeukia mdogo wake. "Na nyie ndiyo mnakula mshahara humu?"

Yoeli akapanda ghorofani. Akamkuta Bi. Perpetua akipanga picha za Sura kwa ajili ya kalenda, akasema yote kwa pumzi moja kabla ujasiri haujamtoka: kwamba ile si sura, ni njaa. Kwamba mistari ile hutokea ardhi ikikosa maji, na kadiri ardhi inavyozidi kufa ndivyo sura inavyozidi kuonekana vizuri.

Mkurugenzi aliinuka, akafunga mlango, akakaa tena.

"Hebu nikuelewe, Yoeli. Unasema watu wakitaka kumwona Mlezi vizuri, ni lazima wawe na njaa?"

Yoeli akautazama mlango uliofungwa.

"Mimi sijasikia," akasema Bi. Perpetua, na kwa kweli alikuwa anamsaidia. "Nawe hujasema. Nenda kanywe maji."

Damari alirudi Kisanza jioni ile na kibuyu kitupu. Alipopanda basi hakumuaga mdogo wake kwa maneno. Alimpa mkono tu, kama mtu anayetoka msibani.

*

Halafu mvua ikanyesha. Haikuomba kibali wizarani. Ilikuja mapema kuliko ilivyotabiriwa, ikanyesha usiku na mchana, korongo la pua likafurika, na mche wa mwisho wa nyusi ukaonekana ukielea kuelekea kidevuni.

Picha za kwanza baada ya mvua zilishangiliwa. Mashavu yalikuwa yamejaa. "Mheshimiwa amenawiri!" akatangaza Waziri redioni. Katika picha zilizofuata ndevu zilipanda zikafika machoni, na Waziri akasema ni busara. Zilizofuata hazikuwa na kitu. Majani yalikuwa yamefunika bonde lote, mistari, madoa, matundu, kila kitu, zulia moja la kijani kutoka sikio hadi sikio, ila masikio nayo hayakuwapo.

Siku hiyo hiyo ikaja simu kutoka Ikulu. Mlezi Mkuu ameamua kupanda ndege akajionee Sura yake.

Kikao cha dharura kilikaa na milango ikafungwa. Waziri alikuwa ametoka jasho mpaka tai imebadilika rangi.

"Mvua hii imetumwa na nani?" akauliza. Hakuna aliyejua. "Basi sikilizeni. Wananchi wote wa Kisanza washike majembe. Mahali ambapo Mheshimiwa alikuwa na udongo, majani yang'olewe mpaka udongo uonekane. Tunamrudisha kwa mikono!"

Yoeli alikuwa ameketi nyuma karibu na mlango. Akawaona moyoni mbuzi wa baba yake, wale waliovuka kiangazi kwa kusukumwa, wamesimama nje ya bango wakitazama majani mabichi yaking'olewa na kutupwa juani. Akanyoosha mkono.

"Mheshimiwa Waziri, jembe linaacha mifereji. Ukiwa juu ile mifereji inaonekana."

"Inaonekana kama nini?"

"Kama makunyanzi."

Hakuna aliyetaka jina lake liwe chini ya agizo la kumtia Mlezi makunyanzi. Waziri akajifuta uso na ncha ya tai.

"Haya," akasema, "majembe yasubiri. Wewe ndiye uliyeiona Sura kwanza, si ndiyo? Basi wewe ndiye utakayemwonyesha. Utapanda ndege. Asipoiona, majembe yataingia siku hiyo hiyo, makunyanzi au hakuna makunyanzi, na wewe utaingia mahali ambapo hata setilaiti haikuoni."

*

Siku ya safari, wilaya nzima iliamriwa ikajipange kwenye kiwanja cha ndege kumpungia Mlezi mkono, kwa sababu nchi hiyo haijui kutazama ndege bila kuipungia. Na kwa kuwa amri ilisema wilaya nzima, Kikosi cha Sura nacho kikaenda, kila askari na kibendera chake. Eneo Tengefu likabaki bila mlinzi hata mmoja.

Damari hakwenda. Alisimama penye bango la shavu, akatazama kulia, akatazama kushoto, kisha akawaambia mbuzi wake, "Ingieni, nyie. Leo mko nyumbani." Majirani walipomwona nao wakafungua mazizi yao. Mbuzi wakaingia na fujo ya watu waliocheleweshewa pilau.

Angani, ndani ya ndege, Mlezi Mkuu wa Taifa aliegemeza paji la uso kwenye dirisha. Kwa karibu alikuwa mzee wa kawaida, mfupi kuliko picha zake, mwenye sweta chini ya koti kwa sababu ya baridi ya huko juu. Waziri alikuwa kulia, Bi. Perpetua kushoto, Yoeli nyuma yao.

"Niko wapi?" akauliza Mlezi.

"Pale, Mheshimiwa!" Waziri akaonyesha mashariki.

"Pale, Mheshimiwa," Bi. Perpetua akaonyesha magharibi.

Mlezi akageuza shingo huku na huku. "Mimi naona majani."

Ndege ikazunguka, ikashuka kidogo.

"Majani mazuri lakini," akasema Mlezi kwa adabu. Kisha akasogeza miwani. "Na vile vyeupe vinavyotembea ni nini? Pale. Vingi vile." Akajishika shavu. "Mmenileta huku niangalie chawa wangu?"

Waziri akapiga magoti kabisa, kwenye sakafu ya ndege. "Mheshimiwa, hao ni mbuzi wa wahujumu! Nakuahidi kabla jua halijazama hatabaki hata mmoja! Rubani! Nipe simu nitoe amri!"

Yoeli akatazama chini. Kwa urefu ule mbuzi ni nukta tu. Lakini alijua kule Kisanza ni nani peke yake angethubutu kuingiza mbuzi siku kama hiyo. Mbuzi walikuwa wamejipanga kama kawaida ya mbuzi wanaokula mtelemkoni, hawapandi wala hawashuki, wanafuata ubavu wa kilima, weupe kwa weupe, mstari mrefu uliopinda ncha zake juu.

"Ni meno, Mheshimiwa," akasema.

Waziri akabaki na simu sikioni. Mlezi akageuka nyuma.

"Nani huyo?"

"Yoeli Mlewa, Mheshimiwa. Msomaji wa picha."

"Umesema nini?"

"Nimesema yale ni meno yako. Ukitazama vizuri utaona mdomo. Mwanzo picha ilikukuta umenuna, ndiyo maana ilikuwa na mistari mistari. Sasa umecheka. Mtu akicheka, mistari ya usoni inapotea, yanabaki meno."

Bi. Perpetua alifumba macho. Mlezi akarudi dirishani. Alitazama muda mrefu, na injini ikanguruma, na Waziri hakujua kama ainuke au aendelee kupiga magoti.

"Yanatembea," akasema Mlezi.

"Mtu akicheka mdomo hautulii, Mheshimiwa."

"Hilo kweli." Akafuta ukungu dirishani. "Na nacheka nini?"

"Mvua imenyesha, Mheshimiwa."

Sasa, Mlezi hakuwa amecheka hadharani kwa miaka mingi, kwa sababu za kiusalama. Lakini walioketi karibu naye wanasema alipapasa fizi zake kwa ulimi, akahesabu kitu moyoni, akasema, "Yako mengi kuliko niliyonayo," na mabega yakaanza kumtikisika.

"Taifa limekujazia, Mheshimiwa!" akapaza sauti Waziri kutoka sakafuni.

"Inuka basi, utachafua suruali," akasema Mlezi. "Na hiyo simu iweke. Unataka kuning'oa meno?"

*

Agizo jipya lilitoka kabla ndege haijapoa. Mbuzi wa Kisanza wakawa Meno ya Taifa. Haikuwa ruhusa tu kuwachungia ndani ya Sura, ilikuwa lazima, kwa kuwa mbuzi wakitoka Mlezi anakuwa kibogoyo, na nani atajibu? Kikosi cha Sura kikapewa kazi ya kuhakikisha meno yanakunywa maji kila siku. Baada ya miezi ya kupuliza filimbi, Afande Machite alionekana akichota maji puani kwa ndoo na kulisihi lile beberu la pembe moja linywe kidogo, tafadhali. Mabango yalibaki, ila pakaongezwa mstari mmoja chini: MBUZI WANARUHUSIWA KUINGIA NA PEMBE.

Waziri alipandishwa cheo. Aliongezewa Wizara ya Afya ya Kinywa.

Yoeli hakufungwa wala hakusifiwa, na kwa mtumishi wa nchi ile hiyo ndiyo neema yenyewe. Akapewa likizo, akaenda nyumbani.

Damari alimpokea njiani, akamvuta kwa mkono mpaka zizini bila salamu. Mbuzi walikuwa wamenenepa mpaka wanapumua kwa tabu. Majike watatu walikuwa na mimba.

"Waone," akasema. "Waone kwa karibu, wewe mtu wa mbali."

"Nawaona, dada."

"Kilichobaki sasa ni kimoja." Akashika kiuno. "Wamekatazwa kutoka. Kuuza siwezi, kuchinja siwezi. Nimeomba nichinje mmoja wa sadaka ya baba, Machite kaniambia nilete cheti cha daktari wa meno."

"Kwa hiyo tunafanyaje?"

"Wewe chukua kamba, usiniulize maswali ya ofisini."

Mchana ule, chini ya mgunga ulioota upya, moshi wa nyama ukapanda. Majirani wakaja mmoja mmoja, kila mmoja akidai alikuwa anapita. Nyama ilikuwa inageuzwa upande wa pili Afande Machite alipotokea, kombati imembana, filimbi shingoni, pua mbele. Watu wakaacha kutafuna.

"Mama," akamwambia Damari, "hapa pamepungua jino."

"Limepungua, Afande."

"Nimehesabu asubuhi yalikuwa kamili. Hili ni jambo kubwa. Hili linakwenda Ikulu." Akajaribu kukaza uso, lakini mafuta yalidondokea motoni, yakachemka, na uso ukalegea wenyewe. "Jino lipi?"

"Lile jeusi."

Machite akafikiri. Yoeli, aliyekuwa ameshika ubavu mkononi, akaona mawazo yakipita kwenye uso wa askari yule wazi kabisa, bila kuhitaji kifaa chochote.

"Jeusi?"

"Jeusi tii, Afande, mbele kabisa ya mdomo. Ulitaka Mheshimiwa achekee taifa na jino bovu? Hata mmoja wenu hakuliona. Mimi mwanamke wa kijijini ndiye nimemganga mzee wa watu." Damari akasogeza kigoda kwa mguu. "Kaa, mwanangu. Umesimama tangu asubuhi na ndoo."

Afande Machite alitazama bonde, majani yamejaa, mbuzi weupe wametapakaa mtelemkoni wakila bila haraka. Akatazama angani, ambako hakukuwa na kitu. Akavua filimbi akaitia mfukoni, akaketi.

"Kweli," akasema, "lilikuwa linamharibia." Akanawa mikono. "Na ini, mmeshagawana?"